Kuvua Kambare Mvua za Kwanza Zinyeshapo

Nchi ya Singida ni nchi kavu. Tangu mwezi wa Juni hata Oktoba mvua hainyeshi, na mito mingi hubaki mchanga mtupu. Mgeni akiambiwa kwamba hapa pana wavuvi, hushangaa. Lakini upande wa kaskazini, katika nchi ya Iramba, liko Ziwa Kitangiri. Maji yake huletwa kutoka mbuga za Wembere, na yakizidi hutoka kwa mto Sibiti, yakaenda kuingia Ziwa Eyasi. Ziwa hili ni pana lakini kina chake si kirefu, na maji yake yana tope. Karibu na mji wa Singida yako maziwa mengine mawili, Singidani na Kindai, ambayo maji yake yana chumvi, hayo tutayaacha. Habari zetu ni za Kitangiri, na za vijito na madimbwi ya mbugani, na za samaki mmoja akaaye humo, naye ni kambare.

Kambare hafanani na perege. Hana magamba, ngozi yake ni laini nyeusi, nayo ina utelezi mwingi hata mkono haumshiki. Kichwa chake ni kipana tena kimebonyea, na ukikipiga kwa kisu utasikia ugumu wa mfupa. Pezi la mgongoni ni refu, latoka karibu na kichwa hata karibu na mkia. Kandokando ya kinywa ana sharubu nane. Kwenye mapezi mawili ya kifuani ana miiba miwili yenye meno madogo kama ya msumeno, na mvuvi asiyeijua miiba hiyo huijua upesi. Kwa kawaida kambare tunaowaona sokoni ni wa kilo moja au mbili, lakini aweza kukua kupita urefu wa mtu mzima mkono, akapita hata mita moja.

Mwaka 1822 msafiri Mwingereza aliyeitwa William Burchell aliandika habari za kambare aliyemwona katika mto Gariep, ndio mto Orange wa Afrika ya Kusini. Kwa sababu hiyo wataalamu humwita Clarias gariepinus hata leo. Samaki huyu hupatikana tangu huko kusini, katika mito na maziwa mengi ya Afrika, mpaka Mto Nili, hata katika nchi ya Shamu. Ni nini kilichomwezesha kuenea hivyo, na kukaa hata katika nchi kama yetu ambayo maji yake hukauka?

Sababu moja ni pumzi yake. Samaki wengi huvuta pumzi kwa matamvua tu, yaani vile vyombo vyekundu vilivyomo ndani ya mashavu yao, na wakitolewa majini hufa upesi. Kambare anayo matamvua, lakini juu yake ana kiungo kingine chenye matawimatawi kama mti mdogo, na kwa kiungo hicho huweza kuvuta hewa hii tuivutayo sisi. Maji ya dimbwi yakioza, yakawa mazito kwa tope, perege hufa, bali kambare hupanda juu, akagugumia hewa, akashuka tena. Dimbwi likikaribia kukauka kabisa, huweza kujichimbia katika tope bichi akangoja. Tena usiku wenye umande au mvua huweza kutoka majini, akajikongoja juu ya majani mabichi kwa ile miiba ya kifuani, akaenda kutafuta maji mengine. Watu wakutao kambare njiani asubuhi hudhani ameanguka pamoja na mvua. Hakuanguka, alikuwa safarini.

Basi mvua za kwanza huanza karibu na mwisho wa Novemba au mwezi wa Desemba. Kwa watu huo ni wakati wa kazi na wa upungufu. Mtama na uwele wa mwaka uliopita umekwisha kupungua ghalani, na mavuno mapya bado miezi mingi. Kwa kambare huo ni wakati wa kuzaa. Maji mapya yakiteremka katika vijito na kufurika juu ya majani ya mbuga, kambare huyasikia, wakaacha vilindi vyao na kupanda kuyafuata. Hapo ndipo samaki walio wazito kwa mayai wakusanyikapo mahali pafupi, penye maji ya magotini, karibu kabisa na watu wenye njaa. Mambo yote ya uvuvi wa majira haya yatoka katika habari hiyo moja, mazuri yake na mabaya yake.

Tuanze na chambo. Ili kuchagua chambo ni lazima kwanza kujua samaki hutafutaje chakula chake. Nitatoa mfano wa mbali ili jambo hili lionekane. Katika maziwa ya Marekani ya Kaskazini yuko samaki mkubwa mkali aitwaye muskellunge, na wavuvi wa huko kwa kufupisha humwita muskie. Huyo huvizia katikati ya magugu ya majini, akitazama kwa macho. Akiona kitu kinachopita kiking'aa kama samaki mdogo, hukirukia. Kwa hiyo wavuvi wake hawahitaji chambo chenye nyama. Hutumia chambo cha bandia, yaani kipande cha mti kilichopakwa rangi, au cha bati kinachometameta, huku wakikivuta majini ili kionekane kama kina uhai. Mtu mmoja wa huko, Julio Buel, alipewa hati ya serikali mwaka 1852 kwa chambo cha namna hiyo kilichofanywa kwa mfano wa kijiko. Watu husimulia kwamba alipokuwa kijana aliangusha kijiko ziwani, akamwona samaki akija kukimeza kilipokuwa kikizama na kuzungukazunguka. Huenda hadithi hiyo imetiwa chumvi, lakini vijiko vya kuvulia vyauzwa mpaka leo ulimwenguni kote.

Je, kijiko hicho kingefaa Kitangiri? Kwa kambare, mara chache sana. Macho yake ni madogo, na katika maji yenye tope hata samaki mwenye macho makubwa haoni mbali. Tena kambare hutafuta chakula chake zaidi usiku. Yeye husikia harufu, na hupapasa kwa zile sharubu nane kama kipofu apapasavyo kwa fimbo, na sharubu zenyewe huonja ladha ya kitu kabla hakijafika kinywani. Basi usimpe kitu cha kung'aa. Mpe kitu cha kunuka.

Nyungunyungu ni chambo chema, nao mvua za kwanza huwatoa wenyewe ardhini. Usitie mmoja tu. Tunga watatu au wanne katika ndoana moja, ncha zao zikiachwa zichezecheze. Utumbo wa kuku ni mzuri kupita, maana harufu yake huenda mbali tena hautoki upesi ndoanani. Kipande cha samaki mbichi chafaa, hata chura mdogo. Katika Ziwa Viktoria wako wavuvi watiao kipande cha sabuni ya kufulia, nao hupata. Kambare hachagui kama sisi tuchaguavyo.

Lakini chambo cha majira haya hasa ni kumbikumbi. Baada ya mvua ya kwanza au ya pili hutoka kwa maelfu katika vichuguu, wakaruka, mabawa yao yakakatika, na wengi wakaangukia majini. Kambare hupanda juu kuwala, na mtu akisimama kimya jioni ukingoni husikia vinywa vyao vikifyonza. Siku kama hiyo nyungunyungu hudharauliwa. Mvuvi mwenye akili hukusanya kumbikumbi katika kikapu, akawachoma ndoanani watano au sita hata chuma kisionekane, na wengine wachache akawatupa majini mahali anapovua ili samaki wazoee kuja hapo. Waliosalia huliwa nyumbani, na hiyo si hasara.

Vyombo vyake si vya gharama. Ufito ulionyoka wa urefu wa mita tatu hivi watosha, na mshipi wa nailoni wenye nguvu. Ndoana iwe imara, maana kambare akishikwa hujizungusha kama mtu akamuaye nguo, na ndoana nyembamba hunyoka, na mshipi mwembamba hukatika. Tia chubwi ndogo ya risasi shibiri moja juu ya ndoana, ili chambo kikae chini asichukuliwe na mkondo. Kwa boya, kipande cha bua kikavu cha mtama chafaa sana kwa wepesi wake. Pima kina kwanza, kisha funga boya lako mahali ambapo chambo kitagusa tope au kuwa juu yake kidogo tu. Siku ya kumbikumbi ondoa chubwi, acha chambo kielee karibu na uso wa maji.

Mahali pa kuvua hujulikana kwa kutazama. Usiende ukatupa mshipi katikati ya ziwa kwa kudhani kwamba maji mengi ndiyo yenye samaki wengi. Mvua za kwanza zikinyesha, kambare huelekea yanakoingia maji mapya. Mahali ambapo kijito chenye maji mekundu chakutana na maji yaliyotulia, hapo pana mpaka unaoonekana kwa macho. Upande mmoja maji hukimbia, upande wa pili husimama. Kambare hukaa upande wa maji yaliyosimama, akingoja yale mkondo umleteayo: wadudu, nyungunyungu na mbegu. Tupa chambo chako ndani ya mkondo, kiache kichukuliwe kidogo hata kiingie katika utulivu. Tazama pia mapovu. Kambare apandapo kuvuta hewa huacha duara juu ya maji na mapovu machache nyuma yake. Ukiona maduara hayo mara tatu mahali pamoja, usiende mbali zaidi.

Saa nzuri ni tangu jua linapotua hata saa tatu za usiku, na tena alfajiri. Siku ya mawingu, mvua ikiwa imekwisha kupita, hata mchana hula.

Sasa uvumilivu. Perege huvuta mara moja akaachia. Kambare hana haraka. Hukipapasa chambo kwa sharubu, akakitia kinywani, akakitema, akakirudia. Boya hutikisika, hulala upande, husogea kidogo. Vijana wengi huvuta hapo, wakatoa ndoana tupu. Ngoja mpaka boya lianze kwenda kwa mwendo mmoja na kuzama likielekea upande. Ndipo samaki amekwisha kugeuka, chambo kikiwa ndani. Hapo vuta kwa nguvu, maana kinywa chake ni kigumu, na ndoana isiyosukumwa sawasawa haiingii. Kisha usimwachie mshipi ulegee. Mlete pwani polepole, umkokote juu ya majani. Usimnyanyue kwa mshipi hewani.

Tulisema kwamba majira haya yana mabaya yake pia, na sasa tufike hapo. Kambare jike wa kilo moja huweza kuwa na mayai yapata 50,000. Usiku baada ya mvua kubwa, dume na jike hupanda penye maji machache juu ya majani, jike hutaga, dume hutia mbegu zake, na mayai hunata kwenye majani. Kisha wote wawili huenda zao. Perege jike hulinda watoto wake kinywani, bali kambare halindi chochote. Maji yakiwa na joto la kutosha, mayai huanguliwa baada ya siku moja hivi, au moja na nusu. Vifaranga ni wadogo kama kipande cha uzi. Huliwa na wadudu wa maji, na vyura, na ndege, na samaki wakubwa, hata kambare wenyewe. Katika hao elfu nyingi, wachache mno hukua. Ndiyo maana mayai yake ni mengi hivyo.

Jambo lingine latuonyesha jinsi mvua ilivyo lazima kwake. Wafugaji wa samaki wamefuga kambare katika mabwawa, wakawalisha vizuri, wakanenepa, mayai yakajaa tumboni, lakini samaki hawakutaga. Maji ya bwawa hayafuriki, basi mwili wa samaki wangoja ishara isiyokuja. Wafugaji hulazimika kuwapiga sindano ya dawa, ambayo zamani ilitolewa katika tezi ndogo ya kichwani mwa kambare mwingine, ndipo mayai hutoka. Huko mbugani ishara hiyo huletwa na mvua, mara chache tu kwa mwaka.

Basi mtu akijenga uzio wa miti kukingama kijito chote, akaweka migono katika kila mwanya usiku wa mafuriko, aweza kujaza vikapu vyake kwa usiku mmoja. Lakini amewakamata waliokuwa wakipanda kutaga, wala hawajataga. Mwaka huo hataona tofauti. Atakayeiona ni mwanawe, akivua mwaka wa tatu. Wengine hutia utupa katika madimbwi, na sumu hiyo haibagui mzazi wala kifaranga. Jambo hilo limekatazwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, nayo haki. Huko Marekani, majimbo kama Wisconsin na Minnesota hufunga uvuvi wa muskie wakati wa kuzaa kwake, wakaufungua katika Mei au Juni. Mvuvi wa huko aitapo mwanzo wa majira, ana maana ya siku zile ambazo samaki amekwisha kutaga, ana njaa, amerudi kula.

Je, mtu wa Iramba mwenye watoto na ghala tupu aambiwe angoje? Neno hilo ni rahisi kwa aliyeshiba. Ndoana moja haimalizi ziwa. Mvuvi wa ndoana huchukua samaki wawili watatu wa kitoweo, na katika hao aweza kuchagua. Tumbo la jike mwenye mayai ni la duara, laini, na ukilibonyeza kidogo mayai ya rangi ya kijani au hudhurungi hutoka. Dume ni mwembamba, naye ana kijinyama kirefu chenye ncha karibu na tundu la nyuma. Mwachie jike, mle dume, maana dume mmoja aliyesalia hutosha majike wengi. Tena vua kwenye mdomo wa kijito na ziwani, usivue katika majani yenyewe ambamo wanataga, na zile siku mbili tatu baada ya gharika kubwa acha mbuga ipumzike. Baada ya hapo kambare hurudi wenye njaa kali, wakashika chambo kuliko walivyokuwa wakishika kabla. Mwenye kungoja kidogo hapungukiwi. Vibali na siku zilizofungwa, kama zimetangazwa, muulize Bwana Samaki wa wilaya.

Hatari nazo ziko. Saa za kambare ndizo saa za kiboko kutoka majini kwenda kula majani, na kiboko akimkuta mtu kati yake na maji hamwombi njia. Ukiona mapito yake yaliyokanyagwa ukingoni, yenye nyayo za mviringo na mavi yaliyotawanywa, keti mbali nayo. Usivue peke yako usiku. Usisimame majini kwa muda mrefu, kwani maji yaliyotuama penye majani huweza kuwa na konokono wa kichocho. Vua ukiwa nchi kavu. Ngurumo ikisikika, weka ufito chini uondoke. Na kijito kilicho kikavu asubuhi chaweza kujaa jioni kwa mvua iliyonyesha mbali usikoiona, basi usikae ndani ya korongo.

Samaki akiwa nchi kavu, usimshike kiunoni. Atateleza, na miiba yake itakuchana. Bonyeza kichwa chake chini kwa kiganja, vidole viwili vikipita nyuma ya mapezi ya kifuani, ili miiba ibaki mbele ya vidole vyako. Au mfunike kwa gunia lililolowa. Mpige pigo moja zito juu ya kichwa, maana kwa pumzi yake ile huweza kuishi saa nyingi kikapuni, na hakuna haja ya kumtesa.

Nyumbani kata miiba kwanza, kabla watoto hawajamsogelea. Msugue kwa majivu mpaka utelezi wote utoke, kisha umwoshe. Pasua tumbo, toa matumbo bila kuitoboa nyongo, na uweke matumbo hayo kando kwa chambo cha kesho. Ukitaka kumla siku hiyo, mkate vipande umpike na nyanya na vitunguu kwa ugali wa mtama. Ukitaka kumweka, mpinde mkia uingie kinywani, mchomeke kijiti, umweke juu ya moto wa moshi usiokuwa na ndimi, umgeuzegeuze mpaka ngozi iwe kama ya kiatu cheusi. Kambare mwenye mafuta mengi huhitaji siku mbili motoni. Akikaushwa nusunusu, funza humwingia kabla ya siku ya soko.